Mgeni Mzungumzaji: Somo kwa Vikundi Vinavyokutana Kila Wiki

Kila Jumatano, saa kumi na moja jioni, kengele ndogo ya shaba hugongwa katika ukumbi ambao klabu yetu ya kujitolea huukodi jirani na stendi ya mabasi. Katibu husoma muhtasari wa kikao kilichopita, mweka hazina hutaja kilichoingia na kilichotoka, kisha mwenyekiti husimama na kusema, "Sasa tumkaribishe mgeni wetu wa leo." Kwa miaka sita kazi ya kumtafuta mgeni huyo imekuwa yangu. Wamepita hapo wauguzi, mahakimu, wafugaji wa nyuki, askari wa usalama barabarani, wakunga, wahasibu, na mzee mmoja aliyetufundisha kunoa msumeno.

Mhariri wa jarida hili ameniomba niwaeleze wakazi wenzangu jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu iliyo wazi. Katika kata zetu vipo vikundi vingi vinavyokutana kila wiki: VICOBA, vikundi vya vijana, vyama vya akina mama wa sokoni, vikundi vya watu wenye ulemavu. Aghalabu vikao vyao huanza kwa kuhesabu hisa na kuisha kwa kuhesabu faini. Wakati huohuo, katika ofisi za halmashauri, wamo watumishi wanaolipwa kwa kodi zetu ili watuhudumie katika afya, maji, kilimo na mikopo, na wengi wao hawajawahi kuitwa mbele ya vikundi hivyo hata mara moja. Kinachokosekana baina ya pande hizo mbili ni barua ya ukurasa mmoja.

Naandika kama mwalimu mstaafu, lakini nikiri mapema kwamba somo hili nililishindwa kwanza kabla ya kulifaulu. Mahali nilipolishindwa nitapaonyesha bila kuficha, kwa kuwa hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Desturi hii ilikotoka

Klabu za namna yetu zilizaliwa Marekani. Jioni ya tarehe 23 Februari 1905, mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao, Gustavus Loehr, mjini Chicago. Harris alikuwa amelelewa katika mji mdogo ambako watu walifahamiana kwa majina, na jiji lile kubwa lilimkosesha ujirani huo. Wakakubaliana kukutana kwa zamu katika ofisi za wanachama, na kutokana na kuzunguka huko ndipo likapatikana jina Rotary. Mwaka 1917, katika jiji hilohilo, wakala wa bima aitwaye Melvin Jones aliongoza kuanzishwa kwa klabu za Lions. Rotary iliingia Nairobi mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949.

Klabu zile za mwanzo zilikuwa na utaratibu wa kuchukua mwanachama mmoja kutoka kila kazi: mwanasheria mmoja, mshonaji mmoja, mfanyabiashara mmoja wa makaa ya mawe. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na jambo asilolijua mwenzake, na kulieleza jambo hilo kikaoni kulikuwa sehemu ya uanachama. Katika jiji kubwa hazina hiyo yaweza kudumu. Katika mji mdogo huisha upesi. Klabu yetu ina wanachama wasiofika thelathini. Tukikutana kila wiki, kabla mwaka haujatimia kila mtu amekwisha kusema lake, na wengine wamelisema mara mbili. Ndipo mgeni kutoka nje anapoacha kuwa pambo la kikao na kuwa chakula chake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hata hivyo haponi kwa kule kufika kwa mgeni tu.

Ombi la Helen Keller

Katika historia ya klabu hizi kuna hotuba moja ambayo hupenda kuwasimulia wanachama wapya. Haikutolewa katika kikao cha wiki bali katika mkutano mkuu wa Lions, Cedar Point, jimbo la Ohio, tarehe 30 Juni 1925. Mzungumzaji alikuwa Helen Keller, mwanamke wa miaka 45, aliyepoteza kuona na kusikia kwa ugonjwa alipokuwa mtoto wa miezi 19. Wakati huo alikuwa akilifanyia kazi shirika changa la kuwahudumia wasioona nchini mwake, lililoanzishwa mwaka 1921.

Hebu fikiri jinsi mgeni wa aina hiyo angeweza kutumia nafasi yake. Maisha yake peke yake yalitosha kuujaza muda wote. Angesimulia jinsi mwalimu wake, Anne Sullivan, alivyomfundisha neno "maji" kwa kuziandika herufi zake katika kiganja chake chini ya bomba, wasikilizaji wangetokwa na machozi, wangepiga makofi, kisha wangekwenda kula. Badala yake hotuba yake ilikuwa fupi na iliishia kwenye ombi lenye sura inayoonekana: wasaidie kazi ya shirika lile, ili upofu unaoweza kuzuilika uzuiliwe, mtoto asiyeona na asiyesikia asikose mwalimu, na mtu mzima asiyeona asikose wa kumsaidia. Wajumbe wakalipokea. Hata leo, ukisikia jina la Lions popote, huduma ya macho ndiyo itakayotajwa kwanza.

Ombi lile halikubaki juu, kwa viongozi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1930, mwanachama wa klabu ya Peoria, jimbo la Illinois, alimwona mtu asiyeona akihangaika kuvuka barabara kwa fimbo nyeusi ambayo madereva hawakuitambua. Klabu yake ikazipaka fimbo rangi nyeupe, na kabla mwaka kuisha baraza la mji likapitisha kanuni ya kumpa kipaumbele barabarani aliye na fimbo hiyo. Nchi nyingine nazo zilikuwa na waanzilishi wao wa fimbo nyeupe, lakini ile ya Peoria ilitoka kwa watu waliokwisha kuombwa kuangalia jambo hilo. Hiyo ndiyo fimbo ambayo madereva bodaboda wa kata zetu wanapaswa kuipisha, na ambayo ina siku yake ya maadhimisho, tarehe 15 Oktoba.

Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nililifungua daftari letu la wageni la mwaka uliotangulia. Kila ukurasa ulikuwa na jina la mgeni, mada yake, na chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, neno moja: "Tulishukuru." Kurasa hamsini za kushukuru. Hatukuwa tumemwuliza hata mgeni mmoja anataka tufanye nini.

Kumchagua anayejua jambo moja

Kosa la kwanza la mratibu wa wageni ni kutafuta cheo. Nilidhani klabu ingeheshimika iwapo kila Jumatano angeketi mbele yetu mtu anayeitwa mheshimiwa. Walikuja, na nawashukuru, lakini mara nyingi mada iliitwa "Maendeleo ya Jamii Yetu", ilidumu dakika hamsini, na ingeweza kusomwa katika wilaya yoyote ya nchi hii bila kubadilishwa neno. Tangu hapo hutafuta mtu aliye karibu na kazi yenyewe. Kuhusu ajali za barabarani nilimleta muuguzi wa chumba cha majeruhi, na kuhusu usafi wa soko nikamleta mama anayefagia soko saa kumi alfajiri, ambaye ndiye pekee aliyejua ni choo kipi hakijanyonywa na tangu lini.

Mgeni bora kuliko wote niliowahi kumleta alikuwa fundi wa bomba. Maji ya vijijini na miji midogo ya nchi yetu yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, na chini yake vipo vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vinavyoendesha miradi. Yule kijana alikuwa fundi wa chombo kimojawapo. Nilipomwendea aliniambia hajui kuhutubia. Nikamwuliza, "Ni jambo gani ungependa wateja wako walielewe, ambalo hawalielewi?" Akafikiri, akasema, "Kwamba tone ni fedha."

Siku yake ilipofika hakuingia na karatasi. Alikuja na ndoo ya lita 20, akatuomba tutoke nje hadi kwenye bomba lililo nyuma ya ukumbi, akalifungua kidogo tu, mkondo mwembamba kama penseli, akaiweka ndoo chini na kuitazama saa ya simu yake. Tukasimama tukitazama ndoo ikijaa. Watu wazima kutazama ndoo kwa dakika nne bila kusema neno ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Ilipojaa, akatuachia hesabu: lita 20 kwa dakika nne ni lita tano kwa dakika moja, lita 300 kwa saa, lita 7,200 kwa siku moja. Mama muuza chapati, mwanachama wetu, alikuwa wa kwanza kulipata jibu katika kipimo tunachokijua sote: ndoo 360. Tundu moja, mchana na usiku, na mahali fulani upande wa juu wa mji mama mwingine anapanga foleni kwa ndoo mbili.

Kisha akauliza kama mwalimu: nani huwa wa kwanza kuliona bomba lililopasuka? Akajijibu kuwa ni mtoto anayechunga mbuzi, lakini mtoto huyo hajui pa kuipeleka habari. Ombi lake lilikuwa moja. Tununue rangi na brashi, tuandike namba ya simu ya fundi wa zamu katika kila tangi na kila kioski cha maji, kwa tarakimu zinazosomeka kwa mbali. Jumamosi mbili zilitutosha. Namba zile bado zipo, isipokuwa moja iliyofutwa na mvua kwa sababu mimi mwenyewe nilinunua rangi ya bei rahisi.

Kwa hiyo, unapomwalika mtumishi, usimpe mada, mpe swali. "Karibu utueleze kuhusu mikopo ya halmashauri" ni mada, na atakuja kuisoma sheria. Kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, jambo hilo wengi wamekwisha kulisikia. Lakini mwandikie afisa maendeleo ya jamii hivi: "Vikundi vitatu vya mtaa wetu vimeomba na maombi yakarudishwa. Tunaomba uje na fomu iliyojazwa vibaya na iliyojazwa vizuri, utuonyeshe tofauti." Hapo atakuja na kazi yake mkononi. Tulipofanya hivyo tuligundua kuwa kikundi kimoja hakikuwa na kasoro nyingine ila muhtasari wa kikao usiotiwa saini.

Jumatano niliyoshindwa

Sasa nifike mahali nilipoahidi kupaonyesha.

Katika mwaka wangu wa pili, mwanachama mmoja alinipendekezea mgeni aliyekuwa akipita katika miji akizungumzia ugonjwa wa kisukari. Mgeni wa wiki ile alikuwa ameahirisha, nami nilikuwa na nafasi wazi. Alifika mtu nadhifu, mwenye chati za rangi zenye picha za ini na kongosho, msemaji hodari kuliko wengi. Katika karatasi aliyonipa ili nimtambulishe alikuwa ameandika "Daktari" mbele ya jina lake. Sikumwuliza amesajiliwa wapi. Nikasimama na kumtambulisha kama alivyoandika.

Alieleza habari za sukari kwa ufasaha, na nusu ya maelezo yake, nilivyokuja kuambiwa na wauguzi, yalikuwa sahihi. Nusu ya pili ilikuwa unga wa mitishamba ambao, alisema, humwezesha mgonjwa kuviacha vidonge vya hospitali. Makopo yalikuwa mlangoni. Wanachama wetu wakanunua, mimi nikiwa mmoja wao, kwa ajili ya shemeji yangu.

Mmoja aliyenunua alimpelekea mama yake mzazi. Bibi yule alikuwa akimeza vidonge vyake bila kukosa kwa miaka, akaviacha. Ilianza kwa kidonda kidogo unyayoni, kikawa kikubwa, na hatimaye akapelekwa hospitali ya rufaa, ambako walikata vidole viwili vya mguu wa kushoto ili kuuokoa uliosalia. Nilikwenda kumjulia hali. Hakuwa na hasira. Aliniambia tu, kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, mwanangu alinunua kwa sababu wewe ulisema ni daktari."

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Nimeandika hapa kwa sababu kikundi chochote kinachomkaribisha mtu kuzungumza kinamkopesha jina lake. Msikilizaji hapimi maneno ya mgeni peke yake. Anampima na aliyemleta. Klabu yetu ilikuwa imejenga jina kwa kuchimba vyoo vya shule na kugawa miwani, na jina hilo lote lilimpitisha mtu yule mlangoni kwa dakika moja ya utambulisho.

Wiki iliyofuata tulimwomba muuguzi wa kliniki ya sukari aje, na kabla hajaanza mwenyekiti alisimama akasema kwamba tulikosea, akaeleza tulikosea wapi, na akawaomba wote walionunua wawarejeshe wagonjwa wao kliniki. Baadhi ya wanachama waliona tungenyamaza ili tusijiaibishe. Nafurahi kwamba hatukuwasikiliza.

Tangu siku ile hakuna mgeni wa mambo ya afya anayepangwa kabla sijauliza katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Tiba asili ina nafasi yake, nayo ina chombo chake, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2002. Mganga aliyesajiliwa haoni haya kuonyesha cheti. Dawa zinazouzwa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Haruhusiwi mgeni yeyote kuuza kitu ukumbini wala mlangoni siku anayozungumza, awe muuza dawa, muuza bima au muuza viwanja. Na kila kikao cha afya hufunguliwa kwa tangazo lilelile: mtu asiache dawa aliyoandikiwa kwa maneno aliyoyasikia hapa, bali ayapeleke kwanza kwa aliyemwandikia.

Kuhusu wanasiasa utaratibu ni mwepesi. Diwani anakaribishwa kueleza utekelezaji wa jambo la kata, na amekuja mara kadhaa. Kampeni zikianza, jukwaa letu hufungwa kwa wagombea wote mpaka uchaguzi upite. Tumewahi kununiwa kwa hilo.

Barua, saa na maswali

Mtumishi wa halmashauri haalikwi kwa kusimamishwa njiani. Barua huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, ikipitia kwa Mtendaji wa Kata, walau wiki tatu kabla. Haihitaji maneno mengi. Taja kikundi chenu na idadi ya wanachama, siku, saa na mahali, swali mnalotaka lijibiwe, muda aliotengewa, na namba ya simu ya mtu mmoja, si watu watatu. Ongeza sentensi hii, ambayo imenisaidia kuliko nyingine zote: "Mwisho wa mazungumzo tutamwomba mgeni atutajie jambo moja ambalo kikundi chetu kinaweza kulifanya." Mgeni akiisoma, anaanza kulifikiri jambo hilo kabla hajafika.

Wengi huuliza tumpe nini. Sisi humpa chai, na ikiwa ametoka mbali kwa gharama yake tunamrudishia nauli. Kisha huandika barua ya shukrani yenye nakala kwa mkuu wake wa idara, ikitaja kwa usahihi alichotufundisha. Afisa ugani mmoja aliniambia kwamba katika miaka yote ya kazi yake ile ilikuwa barua ya kwanza ya sifa kuingia katika jalada lake. Zote zilizotangulia zilikuwa za malalamiko au za uhamisho.

Utambulisho usizidi dakika moja: ni nani, anafanya kazi gani, kwa nini tumemwita leo. Mazungumzo yawe dakika ishirini. Wageni hulalamika kwamba ni chache, lakini dakika ishirini zilizoandaliwa zinabeba mengi kuliko saa nzima ya kuzunguka, na hubakiza nafasi ya maswali, ambayo ndiyo kiini cha kikao. Mwenyekiti awe na kadi ya njano ya kumwonyesha mgeni dakika tatu kabla ya mwisho. Mzee mwenye heshima zake hakatizwi kwa maneno, lakini kadi huiona.

Katika maswali, wanaume waliokaa mbele ndio husimama kwanza, na swali la kwanza aghalabu si swali bali ni hotuba ya pili. Sisi tuliamua maswali mawili ya kwanza yatoke kwa wanawake au vijana. Awali kulikuwa na ukimya wa kutia aibu, mpaka tulipoanza kugawa vipande vya karatasi ili anayeogopa kusimama aandike. Swali lililoleta mabadiliko makubwa kuliko yote katika klabu yetu liliandikwa kwa penseli bila jina: "Je, asiyesikia atajuaje kwamba ameitwa katika foleni ya zahanati?" Muuguzi aliyekuwa mgeni siku ile alilisoma, akanyamaza, akasema hajawahi kulifikiri. Siku hizi zahanati ile hutoa namba zilizoandikwa kwenye vipande vya mbao, na anayeita huinua kibao chenye namba juu. Vibao hivyo vilichongwa na seremala wa klabu yetu. Aliyeuliza hatujamjua, na hatukumtafuta.

Daftari

Baada ya aibu ya zile kurasa hamsini nilipiga mistari upya. Sasa kila mgeni ana safu tatu: alichotufundisha, kwa sentensi moja, alichotuomba, na jina la mwanachama atakayelifuatilia pamoja na Jumatano atakayoleta jibu. Safu ya tatu ndiyo ngumu. Watu wazima hawapendi majina yao yaandikwe. Mwanzoni niliandika "Kamati", na kamati haikuwahi kuleta jibu hata mara moja. Ni lazima liwe jina la mtu.

Si kila ombi hutimizwa. Hakimu alituomba tutafute watu wa kuwasindikiza mashahidi watoto mahakamani, na hatukuweza. Hatukuwa na watu wenye nafasi mchana. Tuliandika hivyo katika safu, "Hatukuweza," tukamwarifu kwa barua. Alijibu kwamba kuambiwa ukweli kumemsaidia, kwa sababu alikwenda kuliomba kundi jingine badala ya kutungojea sisi.

Zoezi kwa vikundi vya kata

Katika kikao chenu kijacho, baada ya kuhesabu hisa, tengeni dakika kumi na tano. Kila mwanachama amweleze aliyeketi kulia kwake jambo moja la huduma za umma analoliona kila siku na lisiloeleweka kwake: kwa nini taka za mtaa huu huchukuliwa Ijumaa na za mtaa ule hazichukuliwi, kwa nini chanjo ya kuku haifiki kwa wakati, kwa nini cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilirudi na jina lililokosewa. Aliyesikiliza ndiye atakayelitamka mbele ya wote, si mwenye nalo. Katibu ayaandike yote ubaoni, kisha kikundi kichague moja tu kwa kura, na kwa pamoja mtafute ni nani hasa anayelishika jambo hilo kwa mikono yake. Jina la kazi yake liandikwe chini ya swali. Andikeni barua hapohapo, kabla watu hawajatawanyika, na ateuliwe wa kuifikisha kwa Mtendaji wa Kata kesho yake asubuhi.

Kikundi kisicho na mtu wa kuiandika kinakaribishwa ukumbini kwetu Jumatano yoyote saa kumi jioni, saa moja kabla ya kengele. Karatasi zipo, na mimi huwa nimekwisha kufika.